Kabla Hujayanywa Hayo Madini

Chupa yenyewe ni ndogo, ya kioo cha kahawia, na kifuniko chake kina mpira wa kudondoshea. Lebo inasema ndani mna chembe za nano za fedha, fedha ileile ya pete na bangili, zilizotawanywa katika maji safi. Muuzaji anaongeza yale ambayo lebo haikuthubutu kuyaandika: inaua virusi, inaua bakteria, inaua fangasi, inapandisha kinga, inafaa kwa vidonda vya tumbo, UTI, mafua ya watoto na hata saratani. Ukimwuliza kama haina madhara, jibu analo mdomoni: “Dada, hii ni asilia, halafu ni nano. Ni ndogo mno, mwili wala hauisikii.”

Jibu hilo lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayouza. Chembe hizo ni ndogo kweli. Lakini udogo pekee hauleti usalama, wala hauleti sumu. Wapo wanaomeza madini ya nano kila siku bila kujua, kwenye chingamu, kwenye dawa ya meno, kwenye kidonge cheupe alichoandika daktari. Wapo pia wanaoyanunua kwa bei kubwa wakiamini wananunua afya. Makundi hayo mawili hayako katika hatari sawa, na ushauri wao hauwezi kuwa mmoja. Makala haya yatakusaidia kutenganisha: kipi cha kukataa, kipi cha kupunguza, na kipi cha kuendelea nacho bila kujitia presha.

Udogo unabadilisha nini?

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hadi 100,000. Chembe huitwa ya nano ikiwa upana wake ni kati ya nanomita 1 na 100, ukubwa ambao virusi vingi vinao.

Kinachobadilika kitu kikisagwa kufikia hapo ni ukubwa wa uso wake wa nje. Chukua kipande cha fedha chenye umbo la dadu, sentimita moja kila upande. Uso wake wote ni sentimita 6 za mraba. Kikate kiwe vidadu vya nanomita moja moja: uzito unabaki uleule, lakini nyuso zote zikijumlishwa zinafika mita 6,000 za mraba, eneo linalokaribia uwanja wa mpira. Na madini hukutana na asidi, maji na chembehai kwenye uso wake. Ndiyo maana bonge la sukari guru hukawia kikombeni, ilhali unga wake unayeyuka hata kabla hujakoroga.

Watafiti wa China walilionyesha jambo hili kwa shaba mwaka 2006. Waliwalisha panya shaba ya aina mbili. Shaba ya chembe kubwa, za mikromita 17 hivi, hata gramu 5 kwa kila kilo ya uzito wa panya hazikutosha kuua nusu yao. Shaba ya nano, chembe za nanomita 23.5, iliua nusu ya panya kwa miligramu 413 tu kwa kilo, na figo, ini na bandama zao zilikutwa zimeumia. Shaba ni ileile, tumbo ni lilelile, lakini tofauti inazidi mara kumi. Chembe ndogo zilishambuliwa na asidi ya tumbo kwa kasi na kuumwagia mwili ayoni nyingi za shaba kuliko ulivyoweza kuzimudu.

Hata hivyo, usikimbilie kusema kila kilicho nano ni sumu. Mwili wako wenyewe hutunza akiba ya chuma ndani ya protini iitwayo feritini, yenye upana wa nanomita 12, na katikati yake kuna punje ya madini ya chuma inayoweza kubeba hadi atomi 4,500. Kila mmoja wetu ana ghala la nano ini mwake, na bila ghala hilo tungekuwa taabani.

Kwa hiyo maswali ya kuuliza ni matatu. Ni madini gani? Tumboni yanayeyuka au hayayeyuki? Unameza kiasi gani, kwa muda gani? Neno “nano” kwenye lebo halijibu hata swali moja kati ya hayo.

Yakishapita kooni

Madini yanayoyeyuka, kama zinki na shaba, hupoteza unano wake mapema. Asidi ya tumbo inayageuza kuwa ayoni, na kuanzia hapo mwili unayashughulikia kama zinki au shaba nyingine yoyote. Kwa hiyo anayenunua “zinki ya nano” anapaswa kuhesabu miligramu tu: Marekani imeweka ukomo wa miligramu 40 za zinki kwa siku kwa mtu mzima, na Ulaya miligramu 25. Ukizidisha kwa muda mrefu, zinki huzuia mwili kupokea shaba, na upungufu wa shaba huleta upungufu wa damu na ganzi ya miguu.

Madini yasiyoyeyuka kwa urahisi, kama dhahabu na titaniamu dioksaidi, husafiri yakiwa chembe. Utumbo umetandikwa ute mzito ambao kazi yake mojawapo ni kuzinasa chembe kama hizo na kuzisukuma nje. Sehemu kubwa sana hutoka na choo. Kidogo hupenya, na udogo husaidia kupenya: panya waliopewa chembe za dhahabu za ukubwa mbalimbali, kuanzia nanomita 4 hadi 58, walikutwa na dhahabu nyingi zaidi mwilini pale chembe zilipokuwa ndogo zaidi. Kilichopenya hupitia ini kwanza, kwa kuwa damu yote inayotoka kwenye utumbo hupita hapo, na kingine huishia kwenye bandama na figo.

Hapa ndipo muda unapoingia. Kiasi kidogo kinachoingia leo na kutoka kesho hakina neno. Kiasi kidogo kinachoingia kila siku na kutoka nusu yake tu ni deni linalokua.

Fedha: hapa usimame imara

Kati ya madini yote yanayouzwa kama kinywaji cha afya, fedha ndiyo yenye hoja dhaifu kuliko zote. Mwili hauna kazi yoyote inayojulikana kwa fedha. Hakuna mtoto anayedumaa kwa kukosa fedha, wala kipimo cha hospitali kinachotafuta upungufu wake.

Ni kweli kwamba fedha huua bakteria. Hospitali zinatumia mafuta ya silva salfadiazini kwa majeraha ya moto, na tangu miaka ya 1880 madaktari waliwatonea watoto wachanga matone ya fedha machoni kuzuia upofu wa kisonono. Ila hizo zote ni kazi za nje ya mwili, kwa kipimo na kwa muda. Bakteria wa kwenye kidonda hukutana na fedha uso kwa uso. Bakteria wa kwenye mapafu au kibofu hawaguswi na kijiko ulichomeza, kwa sababu fedha ikifika tumboni hukutana na chumvi, protini na salfa, na hushikwa humo njiani.

Inayofanikiwa kuingia kwenye damu huelekea, pamoja na kwingine, kwenye ngozi. Humo mwanga wa jua huigeuza ayoni ya fedha kuwa chembe ya fedha, nayo huungana na salfa na seleniamu na kutulia pale daima. Mkanda wa picha wa zamani ulifanya kazi kwa kemia hiyohiyo. Matokeo ni rangi ya kijivu-bluu ambayo madaktari huiita agiria. Haioshwi, haisuguliwi, na dawa za kutoa metali mwilini hazisaidii. Leza imewapunguzia rangi baadhi ya watu, kwa gharama na kwa vikao vingi.

Mfano uliojulikana zaidi ni wa Stan Jones, mwanasiasa wa jimbo la Montana, Marekani. Mwaka 1999 watu wengi waliogopa kompyuta zingegoma mwaka 2000 ukiingia, na yeye akahofia kwamba viuavijasumu vingeadimika. Akaanza kujitengenezea na kunywa maji ya fedha. Mwaka 2002 aligombea Useneti akiwa na uso wa kijivu-bluu, na picha zake zikazunguka dunia. Mwaka huohuo wa 1999 alioanza kunywa, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilikuwa imetoa kanuni inayosema kwamba dawa zisizohitaji cheti cha daktari zenye fedha ya namna hiyo hazitambuliki kuwa salama wala kuwa zinafanya kazi. Ilipofika Machi 2020, mamlaka hiyohiyo ilikuwa inaandika barua za onyo kwa waliokuwa wakiiuza kama tiba ya korona. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maji ya fedha hutembea zaidi kila panapozuka hofu.

Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi kuna jambo la kuzingatia. Picha zinazoonyeshwa ni za Wazungu waliobadilika rangi waziwazi, na mtu anaweza kunywa miaka huku akijiambia kuwa yeye hajabadilika. Usitazame shavu. Tazama pale penye rangi hafifu: ule mwezi mweupe kwenye mzizi wa kucha, hasa za mikono, ukiwa na rangi ya bluu, ufizi uliofanya kijivu au kahawia pembeni ya meno, weupe wa jicho uliofifia na kuwa kijivu. Fanya hivyo mchana, mlangoni au dirishani, kwa kuwa taa ya ndani hudanganya. Ufizi na kucha mara nyingi hutangulia ngozi.

Piga hesabu ya chupa

Kwenye lebo tafuta namba yenye herufi ppm. Hiyo ni miligramu kwa kila lita, ambayo ni sawa na mikrogramu kwa kila mililita. Kijiko cha chai ni mililita 5. Kwa hiyo zidisha namba hiyo kwa 5, utapata mikrogramu za fedha kwenye kijiko kimoja.

Sasa weka kipimo kando yake. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linakadiria kwamba mtu anaweza kumeza mikrogramu 5 za fedha kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, maisha yake yote, bila kutarajiwa kudhurika. Mtoto wa kilo 15 anafikia ukomo wake kwa mikrogramu 75. Chupa ya ppm 10, ambayo wauzaji huiita nyepesi, ina mikrogramu 50 kwa kijiko. Ukimpa kijiko kimoja mara tatu kwa siku, umempa 150, maradufu ya ukomo. Mtu mzima wa kilo 60 ukomo wake ni 300. Chupa kali ya ppm 500 inampa 2,500 kwa kijiko kimoja, zaidi ya mara nane.

Shirika la Afya Duniani nalo limechukulia kwamba gramu 10 za fedha, zikimezwa katika maisha yote ya mtu, ndicho kiwango ambacho hadi hapo madhara hayatarajiwi. Vijiko vitatu kwa siku vya chupa ile kali vinamaliza gramu hizo kwa muda usiofika miaka minne.

Muuzaji aliyesoma atakuonyesha utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ambamo watu 60 wenye afya walikunywa fedha ya dukani kwa hadi siku 14, vipimo vya damu na mkojo visionyeshe mabadiliko ya kutia wasiwasi. Utafiti huo upo, na ni vizuri kujua kwamba kijiko ulichokunywa jana hakitakuua. Lakini walikuwa watu wazima wenye afya, muda haukuzidi wiki mbili, na fedha ilionekana katika damu ya baadhi ya washiriki. Agiria huja kwa miezi na miaka. Tena utafiti haukuuliza kama fedha inaponya ugonjwa wowote, na hilo ndilo unalolipia.

Hatari nyingine haionekani kwenye ngozi. Fedha inaweza kuzuia mwili usipokee baadhi ya dawa: viuavijasumu vya makundi ya doksi na sipro, na levothairoksini wanayotumia wenye matatizo ya tezi ya shingo. Mtu anameza dawa aliyoandikiwa pamoja na “kinga” yake, dawa inashindwa kufanya kazi, na lawama inakwenda kwa daktari. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto mdogo na mwenye ugonjwa wa figo au ini asiiguse kabisa.

Weupe wa pipi na wa kidonge

Titaniamu dioksaidi ni unga mweupe sana unaotia weupe kwenye rangi za kuta, losheni za jua, dawa ya meno, chingamu, pipi zenye gamba linalong'aa, aisingi ya keki na vidonge. Kwenye chakula huandikwa E171, kwenye dawa ya meno CI 77891. Utafiti wa mwaka 2012 ulipima E171 na kukuta takriban asilimia 36 ya chembe zake ziko chini ya nanomita 100, na ukaonyesha kwamba watoto humeza nyingi zaidi kwa uzito wao kuliko watu wazima, kwa sababu ya pipi.

Mamlaka hazikubaliani juu yake. Ufaransa iliipiga marufuku kwenye chakula kuanzia Januari 2020. Mei 2021 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikasema haiwezi tena kuihesabu kuwa salama, kwa kuwa uwezekano wa kuharibu vinasaba haukuweza kuondolewa. Umoja wa Ulaya ukaizuia, na muda wa mpito ukaisha Agosti 2022. Uingereza na Kanada zilipitia ushahidi huo na hazikuizuia. Marekani inaruhusu hadi asilimia 1 ya uzito wa chakula. Mwishoni mwa mwaka 2023 kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani ilisema haioni sababu ya kuiwekea ukomo wa kila siku.

Mvutano huo una maelezo yake. Chembe hizi haziyeyuki, zinazopenya utumbo ni sehemu ndogo mno, chini ya asilimia moja, na majaribio mengi yalitumia chembe zisizofanana na za kwenye chakula. Ulaya iliamua kwamba shaka ikibaki, kitu ambacho kazi yake ni urembo tu kiondoke. Wengine wakaamua kwamba shaka hiyo haijafikia kiwango cha kuzuia. Nyumbani kwako unaweza kufuata busara ya Ulaya bila hofu: pipi na chingamu zenye E171 hazina faida yoyote ambayo mtoto ataikosa. Zipunguze, anza na zile anazokula kila siku. Dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya njegere, na afundishwe kutema.

Kidonge ni habari nyingine. Vidonge vingi vyenye gamba jeupe, zikiwemo baadhi ya ARV, vina kiasi kidogo cha titaniamu dioksaidi, na Ulaya yenyewe iliyoizuia kwenye chakula imeiacha kwenye dawa. Usiache wala usiruke dozi kwa sababu ya weupe wa gamba. Ugonjwa ulio nao una hatari kubwa kupita gamba hilo.

Dhahabu na fedha juu ya tamu

Keki za harusi siku hizi hupakwa karatasi ya dhahabu, na kwenye maduka ya halua na barfi ya Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam utaona vipande vilivyofunikwa ile karatasi laini ya fedha ambayo Wahindi huiita varak. Kwa namba ni E175 na E174. Karatasi hizi ni nyembamba kupita kiasi, uzito wake ni wa miligramu chache, na mtu halambi kila siku. Kwa anayekula kwenye sherehe, hapa hapana jambo la kukosea usingizi.

Jambo la kuangalia ni kama fedha yenyewe ni fedha, maana alumini ni rahisi na hung'aa vilevile. Bana kipande kidogo kwa dole gumba na cha shahada, ukisugue. Fedha halisi huvunjika na kupotea kuwa unga laini. Alumini hukatika vipande vipande na kubaki na umbo. Ukiona haitoshi, choma kipande kingine kwa moto mdogo: fedha hujikusanya kuwa kishanga cheupe kinachong'aa, alumini huacha majivu ya kijivu. Mamlaka ya chakula ya India huwafundisha wanunuzi majaribio haya, nayo yanafanyika jikoni kwa nusu dakika.

Angalia pia poda za madini za tiba ya Ayurveda, ziitwazo bhasma, ambazo huuzwa hata huku kwetu. Madini huchomwa tena na tena pamoja na mitishamba hadi yawe majivu laini sana, na vipimo vya maabara vimekuta chembe za nano ndani yake. Wauzaji wameuchukua ukweli huo kuwa sifa: “Wahindi walijua nano kabla ya Wazungu.” Ila kumbuka swali la kwanza, ni madini gani? Naga bhasma ni ya risasi. Nyingine huandaliwa kwa zebaki. Mwaka 2004 madaktari wa Boston walipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani mjini humo na pembezoni mwake, na 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi kwenye damu kuwa salama. Risasi haigeuki kuwa dawa kwa kusagwa vizuri.

Usilitupe chujio lako

Baada ya kusoma habari za fedha, huenda macho yameelekea kwenye chujio la maji la udongo lililoko jikoni. Liache hapo. Vichujio hivi vilibuniwa na Fernando Mazariegos wa Guatemala mwaka 1981, na leo vinatengenezwa pia Arusha, na Limuru nchini Kenya. Udongo huchanganywa na pumba au vumbi la mbao na kuchomwa. Pumba huungua na kuacha vitundu vidogo, kisha chungu hupakwa fedha ili bakteria wasizaliane humo.

Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakihesabu kuwa hakina hatari kwenye maji kama hayo ni miligramu 0.1 za fedha kwa lita. Ukinywa lita 2 kwa siku za maji yaliyofika kiwango hicho kwa miaka 70, utakuwa umemeza gramu 5 hivi, nusu ya zile 10. Vijiko vya chupa kali vinavuka hapo chini ya miaka miwili. Tena chujio linakukinga na kuhara na taifodi, wakati chupa haikukingi na lolote.

Litumie ipasavyo: maji ya mara chache za mwanzo yamwage, kwa sababu hubeba fedha nyingi kuliko yatakayofuata. Lisugue kwa brashi laini na maji safi bila sabuni, na ndoo ya kupokelea ioshwe kila mara. Vipo pia vichujio vya aina nyingine vinavyotumia nyenzo za nano, kama kile cha Mtanzania Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, kinachochanganya mchanga na nyenzo hizo. Mwaka 2015 kilimpa tuzo ya kwanza ya uhandisi ya Afrika iliyotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Katika zana kama hizi nano imefungwa mahali pake, na wewe unakunywa maji.

Vyombo vya plastiki vinavyotangazwa kuwa na “nano silva” ya kuua bakteria ni vya kupuuzwa tu. Marekani ilizuia mauzo ya baadhi ya vyombo vya namna hiyo Machi 2014 kwa kuwa dai lake halikuwa limesajiliwa wala kupimwa. Kama tayari unacho, weka nafaka kavu. Usipashie chakula humo, na usiweke achari, mchuzi wa ndimu wala ukwaju, kwa sababu joto na uchachu hutoa fedha nyingi zaidi.

Kama umeshaanza kunywa

Acha leo. Fedha haina ulevi wala arosto, huhitaji kupunguza polepole. Usinunue “dawa ya kusafisha metali”, nyingine zina hatari kuliko kilichokupeleka huko. Chupa usiitupe, ipige picha pande zote, ipeleke kliniki, na umwambie daktari ulikuwa unakunywa vijiko vingapi na tangu lini, hata kama unaona haya. Taja dawa zote nyingine unazotumia. Kama ulikuwa na homa, kidonda au uvimbe uliokufanya ununue chupa hiyo, hilo ndilo la kuchunguzwa kwanza, kwa sababu hasara kubwa ya maji ya fedha kwa wengi ni miezi waliyoipoteza kabla ya kufika hospitali. Ukiona dalili za kucha, ufizi au jicho nilizozitaja, kaa mbali na jua kali na uombe kumwona daktari wa ngozi.

Tanzania Bara, bidhaa inayodai kutibu inapaswa kuwa na usajili wa mamlaka ya dawa, TMDA, au wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ikiwa ni tiba asili. Zanzibar ni wakala wa chakula na dawa, ZFDA. Kenya ni Bodi ya Dawa na Sumu. Usipouona usajili huo, toa taarifa. Na wakati mwingine muuzaji akikushikisha chupa, mwulize mambo matatu tu: kuna miligramu ngapi kwa dozi ya siku, ninywe kwa siku ngapi, na namba ya usajili ni ipi. Akikwama kwenye moja, mrudishie chupa yake.